Ngumi ndizo zilizomharibu Muhammad Ali? Jibu kwa baba mwenye kijana bondia

*"Daktari, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 16 na huu ni mwaka wake wa pili anafanya ngumi kwenye jimu moja hapa Tandika. Ukutani kwake kuna picha moja tu, ya Muhammad Ali. Aliyempandikizia mapenzi hayo ni babu yake, kwa kumsimulia kila siku jinsi Ali alivyomwangusha Foreman kule Kinshasa. Mama yake aliona video ya Ali mzee anatetemeka, sauti haitoki, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za ngumi. Anasema ngumi ndizo zilizomuua. Mwalimu wa jimu anasema huo ni ugonjwa wa kawaida wa uzeeni, na kwamba siku hizi kuna kofia za kinga. Babu naye anashikilia kwamba Ali aliwekewa kitu na serikali ya Marekani. Wiki mbili zilizopita kijana alipigwa kwenye sparingi, tangu hapo anaumwa kichwa na anameza Panadol, mwalimu anasema atazoea. Je, ngumi ndizo zilizomharibu Ali? Na mimi nimkataze mwanangu?"*

Mzazi mwenzangu, kazi ni njema, na pole kwa kusimama katikati ya watu watatu unaowaheshimu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Kabla sijamgusa Ali, naomba nianze na ile sentensi uliyoiweka karibu na mwisho kana kwamba ni jambo la kupita. Kijana wa miaka 16 anayeumwa kichwa wiki mbili baada ya kupigwa hatakiwi kurudi kwenye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, hata siku moja mpaka aonwe na daktari. Mpigie mwalimu sasa hivi, umweleze hivyo, kisha urudi tuendelee. Sababu zake nitakupa.

Sasa Ali. Umeleta maelezo matatu, na katika kila moja kuna chembe ya ukweli.

Nianze na la babu, maana ndilo watu hulicheka haraka kuliko inavyostahili. Serikali ya Marekani kweli ilimfanyia Ali jambo kubwa. Tarehe 28 Aprili 1967, huko Houston, alikataa kuapishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Akanyang'anywa mkanda wa ubingwa, leseni na pasipoti, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Jela hakulala, kwa sababu alikata rufaa, na Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo kwa kura 8 bila kupingwa. Lakini tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970 hakupanda ulingoni. Alikuwa na miaka 25 alipofungiwa na 28 aliporudi, na kwa bondia hiyo ndiyo miaka ya nguvu. Kwa hiyo babu anaposema Ali alifanyiwa kitu, hakosei kabisa. Ila hakuna aliyemtilia ugonjwa kwenye chakula. Kilichotokea kinaonekana wazi ukitazama mapambano yake kwa mpangilio wa miaka.

Ali wa kwanza, yule aliyekuwa akiitwa Cassius Clay, alishinda dhahabu ya Olimpiki Roma mwaka 1960, na Februari 1964 kule Miami Beach akamfanya bingwa wa dunia, Sonny Liston, abaki kwenye kiti chake na kuacha pambano raundi ya saba ilipoanza. Bondia huyo alikuwa vigumu kumgusa. Aliishi kwa miguu yake. Alishusha mikono, akavuta kichwa nyuma kidogo tu, konde likapita hewani. Mwambie kijana atafute picha za mapambano ya miaka ile ahesabu makonde yaliyompata Ali kichwani sawasawa. Hatahesabu mengi.

Aliporudi 1970 miguu haikuwa ile. Daktari wake wa ulingoni, Ferdie Pacheco, alieleza baadaye kwamba hapo ndipo Ali alipogundua jambo lililomgharimu: kwamba anaweza kupigwa akabaki amesimama. Machi 1971 alipigana raundi 15 na Joe Frazier pale Madison Square Garden, akaangushwa raundi ya mwisho, akainuka, akashindwa kwa pointi. Machi 1973 Ken Norton alimvunja taya. Na tarehe 30 Oktoba 1974 ikawa Kinshasa.

Simulizi ya babu ni ya kweli, nami naipenda kama yeye. Uwanja wa 20 Mai, alfajiri ya saa kumi, watu wapatao 60,000 wakipiga kelele kwa Kilingala, *Ali boma ye*, yaani "Ali, muue". George Foreman alikuwa na mapambano 40 bila kushindwa hata moja, na 37 kati ya hayo alimaliza kwa KO, yaani mpinzani alishindwa kuendelea. Ali akaegemea kamba, akamwacha apige mpaka mikono ikawa mizito, raundi ya nane akamwangusha. Tunalisimulia kama hadithi ya sungura na fisi, mwerevu kumshinda mwenye nguvu. Lakini mtazame tena ukiwa na macho ya daktari. Mpango wenyewe ulikuwa ni kukubali kupigwa, raundi saba nzima, na mmoja wa watu wenye ngumi nzito kuliko wote waliowahi kupanda ulingoni. Na jimuni alifanya vivyo hivyo. Kwenye kambi yake ya Deer Lake, Pennsylvania, aliwaacha wapigaji wake wa sparingi wamtwange ili mwili uzoee. Hilo neno "kuzoea" ndilo ulilolisikia kwa mwalimu wa mwanao. Misuli huzoea na ngozi huzoea, lakini ubongo hauna uwezo huo.

Nikueleze kinachotokea ndani. Ubongo ni laini kama parachichi lililoiva, nao unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Konde la pembeni linapokigeuza kichwa ghafla, fuvu linatangulia na ubongo unachelewa kulifuata. Fuvu likisimama, ubongo bado unazunguka. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba mno zinazounganisha sehemu moja na nyingine, na katika mzunguko huo nyuzi hizo zinavutwa na kusokotwa. Chumvi zilizopaswa kukaa ndani ya seli huvuja nje, na seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kuzirudisha wakati ambapo damu inayoleta nguvu hiyo imepungua. Hali hiyo ndiyo tunayoiita mtikisiko wa ubongo, na si lazima mtu apoteze fahamu ili aipate. Kichwa kuuma, mwanga kuchoma macho, kusahau, hasira zisizo na sababu, usingizi kuvurugika: hizo zote ni lugha ya ubongo ambao haujamaliza kujirekebisha. Ukiupiga tena kabla haujamaliza, madhara hayajumlishwi tu, yanazidishwa. Ndiyo maana nilikuomba upige simu kwanza.

Hapo utaona pia kwa nini kofia ya kinga haimalizi hoja. Inazuia nyusi kupasuka na masikio kuumia, na kwa hilo ni nzuri. Haizuii kichwa kuzunguka. Mwaka 2013 chama cha ngumi za ridhaa cha dunia kiliwavua kofia hizo mabondia wakubwa wa kiume, na Olimpiki ya Rio 2016 wanaume walipigana bila kofia. Madaktari tumebishana sana juu ya uamuzi ule, lakini hakuna kati yetu anayeamini kwamba kofia inakomesha mtikisiko. Hata glavu kwanza kabisa ni kinga ya mkono wa anayepiga. Mkono mtupu ukigonga fuvu mara nyingi huvunjika, na mkono uliovikwa glavu unaweza kulirudia fuvu lile usiku kucha.

Mwalimu anakosea pia kama anadhani hatari ni kuangushwa peke yake. Katika mapambano yake 61, Ali hakuwahi kuhesabiwa hadi kumi. Alishinda 56 na kushindwa matano. Kwa kipimo cha KO angekuwa mzima kuliko wote. Kinachouchosha ubongo ni jumla ya makonde yote, ya ulingoni na ya jimuni, yale unayoyakumbuka na yale uliyokwisha kuyasahau, na kwa mabondia wengi yaliyopigwa mazoezini ni mengi kuliko ya pambano lenyewe.

Je, ndiyo yaliyomletea Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka aliokuwa nao? Hapa mama wa kijana atanivumilia, kwa sababu sitampa "ndiyo" nyepesi. Ali aligunduliwa mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Umri huo unatosha kuonyesha kwamba "ugonjwa wa kawaida wa uzeeni" si jibu. Katika Parkinson, seli za eneo dogo jeusi lililo katika shina la ubongo zinakufa pole pole. Seli hizo hutengeneza dopamini, na bila dopamini mwili unakuwa mzito, unakakamaa na kutetemeka, uso unapoteza mwendo wake na sauti inafifia. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kufa.

Ugonjwa wa mabondia nao upo, na ni mwingine. Daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliueleza tangu mwaka 1928. Humo protini iitwayo tau huachana na nyuzi za ubongo na kugandana mabonge, na mtu hupoteza kumbukumbu, hubadilika tabia, hupepesuka. Unathibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo. Ali hakufuata njia hiyo sawasawa. Mtetemeko wake ulianza upande mmoja zaidi ya mwingine, levodopa, dawa ya kurudisha dopamini, ilimsaidia, na akili yake ilibaki naye miaka mingi. Mwaka 1990, miaka sita baada ya kugunduliwa, alikwenda Baghdad akarudi na mateka 15 wa Kimarekani. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta kwa mkono unaotetemeka, dunia nzima ikitazama. Mwaka 2022 madaktari wake, akiwemo aliyemtibu kwa miaka mingi, waliandika katika jarida la kitaaluma kwamba alikuwa na Parkinson halisi, ya aina inayowapata watu mapema.

Basi ngumi hazihusiki? La, sisemi hivyo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba watu waliowahi kuumia kichwa wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata Parkinson kuliko wasioumia. Na mtu anaweza kuwa na udhaifu wa kuzaliwa, makonde yakauharakisha. Ninavyoliona mimi, baada ya miaka ya kushughulika na wagonjwa wa aina zote mbili, ni kwamba ngumi peke yake haitoshi kueleza ugonjwa wa Ali, na haiwezi kuondolewa kwenye maelezo. Kilichomuua, tarehe 3 Juni 2016 akiwa na miaka 74, ni maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, miaka 32 baada ya ugonjwa kugunduliwa.

Waangalie wenzake uone jinsi miili inavyotofautiana. Jerry Quarry, yule aliyemkaribisha Ali aliporudi ulingoni 1970, alipata ule ugonjwa wa mabondia wa Martland, ikafika mahali akahitaji kuvishwa na kulishwa, akafa Januari 1999 akiwa na miaka 53. Foreman, aliyepigana mapambano mengi kuliko Ali, alirudi akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1994 akiwa na miaka 45, akaishi hadi 2025 akizungumza vizuri kabisa. Ukiwaweka mezani kwangu wakiwa na miaka 16, nisingeweza kukuambia nani atakuwa Quarry na nani atakuwa Foreman. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayotabiri hilo.

Ila kuna jambo moja katika maisha ya Ali ambalo sina mashaka nalo, nalo linanisumbua kuliko ugonjwa wenyewe. Dalili zilionekana. Watu waliziona, zikaandikwa. Septemba 1977, baada ya raundi 15 na Earnie Shavers, Pacheco, kwa maelezo yake mwenyewe, alipata majibu ya maabara kwamba figo za Ali zimeanza kuharibika. Akapeleka nakala kwa Ali, kwa mkewe na kwa meneja wake. Hakuna aliyemjibu, akaacha kazi. Februari 1980 Ali alikuja hapa Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani aishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tukaenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, na babu bila shaka anazikumbuka siku hizo. Lakini kumbuka pia kilichofuata mwaka ule ule. Julai alipelekwa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, kupimwa ili apate leseni ya kurudi ulingoni. Ripoti ikasema kwamba alipoambiwa aguse pua kwa kidole alikosea shabaha kidogo, na kwamba kuruka kwa mguu mmoja hakukuwa na wepesi uliotegemewa. Fikiria, Ali, kukosa wepesi wa mguu. Leseni akapewa. Tarehe 2 Oktoba Larry Holmes, aliyekuwa mpigaji wake wa sparingi, alimpiga raundi kumi ambazo majaji wote watatu walimpa Holmes kila moja, mpaka kocha wa Ali, Angelo Dundee, akasimamisha. Hata hapo haikuisha. Desemba 1981 akapanda tena, Bahamas, akashindwa na Trevor Berbick.

Linganisha na Manila, Ufilipino, Oktoba 1975, Ali alipopigana na Frazier kwa mara ya tatu. Raundi 14 zimekwisha, imebaki moja. Frazier uso umevimba, haoni makonde yanakotokea, na anamsihi mwalimu wake amwache aende. Eddie Futch, mzee aliyekwisha kuona mabondia wakifia ulingoni, akakataa. Akasimamisha pambano, mkanda ukabaki kwa Ali. Frazier alikasirika, lakini aliishi miaka 36 baada ya siku ile. Watu humwimba Ali wa Manila, na anastahili. Mimi kila nikiiangalia ile kona namtazama Futch.

Sasa tumrudie mwanao. Swali la "nimkataze?" nitalijibu bila kuzungukazunguka. Vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitamka mwaka 2011 kwamba watoto na vijana wasishiriki ngumi, nami kama daktari nakubaliana navyo: ubongo wa miaka 16 bado unajengwa, na hupona taratibu kuliko wa mtu mzima. Lakini nimeishi mitaa hii pia. Najua jimu ni mahali ambapo kijana anafika saa kumi na moja jioni akiwa na mtu mzima anayemjua kwa jina, na najua vinavyomsubiri kwingine. Ukimpiga marufuku kabisa, huenda akaenda kupigana kwa siri kwenye jimu ambayo hata hiyo kofia haipo.

Kuna njia ya katikati, mradi iwe na masharti unayoyasimamia mwenyewe. Kuruka kamba, kupiga begi, kukimbia, kujifunza miguu na ulinzi, yote hayo hayaumizi ubongo, na ndiyo yaliyomfanya Ali wa kwanza kuwa Ali. Madhara yako kwenye kupigwa kichwani. Kama mwalimu anaweza kumfundisha mwaka mzima bila sparingi ya kichwani, mwache aendelee. Akisema bila sparingi hakuna ngumi, umeshapata jibu kuhusu jimu hiyo. Asipunguze uzito kwa kujinyima maji kabla ya pambano. Na mapambano ya kulipwa yasizungumzwe nyumbani kwako kabla hajawa mtu mzima, hata promota akija na bahasha. Robert Wangila wa Kenya, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988, alikuwa na miaka 26 tu alipofariki Julai 1994 kwa jeraha la ubongo, siku mbili baada ya pambano Las Vegas.

Kuhusu kile kichwa kinachouma: mpeleke hospitali wiki hii, na ukiweza nenda moja kwa moja hospitali ya wilaya au ya rufaa. Waambie tarehe aliyopigwa, alipigwa upande gani, kama alipoteza fahamu au alisahau kilichotokea, na ameshameza Panadol ngapi. Daktari ataamua kama anahitaji kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa. Kuna damu inayovuja taratibu kati ya fuvu na ubongo, nayo inaweza kujitokeza baada ya siku au hata wiki kadhaa, kwa hiyo "angekuwa na tatizo lingeshaonekana" si hoja. Mpaka hapo asipewe aspirini wala diclofenac, asifanye mazoezi, asipande bodaboda kama inaepukika. Na kama kichwa kinazidi kuuma, anatapika, analala mchana bila kawaida, anachanganya maneno, mkono au mguu unalegea, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, au akipata degedege, usisubiri kesho. Mpeleke usiku huo huo, Muhimbili kama uko karibu nayo.

Akionekana salama, arudi kwa ngazi: kwanza shule bila kichwa kuuma, kisha matembezi, kisha kamba, kisha begi, na kila ngazi apumzike siku moja au zaidi kabla ya kupanda nyingine. Kwa umri wake jiandae kwa mwezi mzima.

Siku ya kwenda, mchukue na mama yake. Mkishaingia, muombe daktari akae na kijana peke yake dakika tano, nyinyi mkisubiri nje. Wengi wa mabondia vijana ninaowaona hukaa kimya mbele ya baba kwa kuogopa kunyang'anywa glavu, na nikibaki nao peke yao wananiambia kichwa hakikuanza kuuma wiki mbili zilizopita.